Ukitaka kuiona Iringa ya Mjerumani, anzia Kalenga

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya haipiti Iringa mjini. Inapita chini, Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kisha inashika njia yake kuelekea Mafinga na Makambako. Mji wenyewe umekaa juu kilimani, na abiria wa Mbeya anauona kwa dirisha la kulia dakika chache tu: mabati, miti, minara ya simu. Hapo hapo vijana wanamletea karanga na mayai ya kuchemsha dirishani, bodaboda wanaita "Kamwene baba, mjini?", na msimu wa mvua hakosekani mwenye dumu la ulanzi. Basi linaondoka.

Asiyeondoka nalo atajiuliza swali ambalo wenyeji wamekwisha kulizoea. Maji yako chini. Bustani za mboga ziko chini. Barabara iko chini. Nani basi alikwenda kuujenga mji kule juu?

Askari. Mwaka 1896 ofisa wa jeshi la Ujerumani, Tom Prince, alichagua ukingo huu wa mlima kwa sababu ya kijeshi tu: anayekaa juu anamwona anayekuja kutoka bondeni. Katika ramani za Kijerumani mji ukaandikwa Neu-Iringa, Iringa Mpya, maana Iringa ya zamani ilikuwapo tayari, umbali wa kilomita kama 15 kutoka hapo. Iringa hiyo ya zamani leo tunaiita Kalenga. Wajerumani walikuwa wameivunja kwa mizinga miaka miwili kabla.

Ndiyo maana ninawashauri wanaotaka kutembelea Iringa kwa siku moja wasifanye kama watalii wengi wanavyofanya, yaani kupanda moja kwa moja mjini, kupiga picha jengo la boma, kunywa kahawa na kurudi. Mji uliojengwa na Mjerumani hawezi kuuelewa mtu ambaye hajaona kwanza kilichobomolewa ili mji huo ujengwe. Toka Ipogolo, panda mjini, vuka, shika barabara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ushuke Kalenga. Mjini utarudi baadaye.

Kalenga ni kijiji cha kawaida. Nyumba za tofali, mahindi, mbuzi, watoto wa shule wanaokusalimu "Shikamoo" kwa pamoja kama kwaya. Mgeni anayetarajia magofu ya ngome kubwa atavunjika moyo, kwa kuwa kilichobaki cha ukuta ni vipande vya tuta ambavyo bila mwenyeji wa kukuonyesha utavipita. Lakini hapa ndipo alipokaa mtawala wa Wahehe, Mtwa Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, tunayemwita Mkwawa, na hapa alizungusha ukuta wa mawe na udongo mrefu kuliko mtu, akiamini kwamba hakuna jeshi litakaloupita.

Alikuwa na sababu ya kuamini. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya Iringa, wapiganaji wake walijificha vichakani wakausubiri msafara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Zelewski alikuwa anatembea na watu wake wamejipanga mstari mrefu, mizinga ikiwa imefungwa juu ya punda. Wahehe wengi walikuwa na mikuki. Vita yenyewe haikuchukua muda mrefu. Zelewski aliuawa, pamoja na Wazungu wenzake kadhaa na askari na wapagazi wanaofikia mamia. Ujerumani haikuwahi kupigwa hivyo katika koloni lake hili.

Jibu lilikuja baada ya miaka mitatu. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele aliifikia Kalenga akiwa na mizinga na bunduki za rashasha. Wenyeji watakuonyesha upande wa Tosamaganga, kilimani, na kukuambia risasi za mizinga zilitokea kule. Tarehe 30 ngome ikaanguka. Mkwawa hakukamatwa. Akaingia porini, na kwa miaka minne akapigana vita ya kuvizia, huku watu wakimpelekea chakula na habari kwa siri. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Mtu aliyekuwa na rupia 5,000 wakati ule alikuwa tajiri wa kutupwa. Hata hivyo miaka ikapita bila kichwa kuletwa.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, kilomita kama 50 kaskazini-magharibi, akiwa mgonjwa na amezingirwa, alijipiga risasi mwenyewe. Doria ya Wajerumani ilipofika ikamkuta maiti. Ikamkata kichwa. Mwili ulizikwa Mlambalasi, ambako kaburi lipo hadi leo. Kichwa kikaenda Ujerumani.

Katika Makumbusho ya Mkwawa hapa Kalenga fuvu limo ndani ya kabati la kioo. Chumba ni kidogo, na mgeni anasimama nalo karibu sana, kiasi kwamba pumzi inaweka ukungu kwenye kioo. Ni la rangi ya kahawia iliyofifia. Pembeni ziko silaha, mikuki na rungu. Nje, hatua chache tu, ni makaburi ya mwanawe Sapi na mjukuu wake Adam Sapi.

Safari ya fuvu hili ni mkasa wa pekee. Mwaka 1919, mataifa makubwa yalipokaa Versailles kumlipisha Mjerumani kwa Vita ya Kwanza ya Dunia, mkataba uliopanga upya mipaka ya Ulaya uliingiza pia kifungu cha 246. Kifungu hicho kinaitaka Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita, fuvu la "Sultani Mkwawa". Miezi sita ikawa miaka 35. Wajerumani walisema hawalijui lilipo. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako rafu zilijaa mafuvu yapatayo 2,000. Yakachaguliwa yale ya Afrika Mashariki, yakapimwa, yakalinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa ukoo walio hai, ukatafutwa mpasuko wa risasi. Likachukuliwa moja. Mwaka 1954 Twining akalikabidhi hapa Kalenga, mbele ya umati, kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Kuna wanahistoria wanaotilia shaka kama lile ni fuvu lenyewe. Mimi naona shaka hiyo ni ya haki, na hata hivyo haiwapunguzii Wahehe kitu. Kama si la Mkwawa, basi ni la Mwafrika mwingine aliyekatwa kichwa na kupelekwa Bremen, naye alistahili kurudi. Tena tusisahau mwaka wenyewe. Mwaka 1954 Kenya ilikuwa inawaka moto wa Mau Mau, na Mwingereza alihitaji Wahehe wakae upande wake, jeshini na polisi. Twining hakupanda ndege kwenda Bremen kwa huruma peke yake. Adam Sapi naye hakuwa mtu wa kununuliwa kwa fuvu: baada ya uhuru akawa Spika wa Bunge la Tanganyika, kisha la Tanzania, na ukiacha miaka michache katikati alikishika kiti hicho hadi 1994.

Saa sita tunarudi mjini. Sasa majengo yanasema.

Boma la zamani la Wajerumani ndilo leo Makumbusho ya Boma ya Iringa. Limepata kuwa hospitali ya jeshi na baadaye ofisi za serikali, na mwaka 2016 lilifunguliwa kama makumbusho ya mkoa kupitia mradi uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Iringa kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Kuta zake ni nene, ukiingia mchana wa jua unasikia ubaridi mara moja. Ndani kuna historia ya Iringa tangu zana za mawe za Isimila hadi mavazi, ngoma na vyombo vya nyumbani. Kuna duka la vikapu vya milulu, vile ambavyo kina mama wa Iringa husuka kwa nyasi za kinamasi na ambavyo Dar es Salaam vinauzwa kwa bei inayotia kizunguzungu. Kama utanunua, nunua hapa.

Mmoja wa wahamiaji wa Kijerumani wa mwanzo kuweka nyumba mjini hapa hakuwa mkulima wala mmisionari. Alikuwa mwanamke. Magdalene, binti wa jenerali wa Prussia, aliolewa na Tom Prince mwaka 1896 na mwaka huo huo akaja naye huku, katika nchi iliyokuwa bado vitani. Aliandika kumbukumbu za kila siku, zikachapishwa kitabu Berlin mwaka 1903. Mume wake Waswahili walimwita Bwana Sakarani. Alikuwa mtu wa kuchanganya: amezaliwa Mauritius, baba Mwingereza, mama Mjerumani, na cheo cha "von" alikipata baadaye sana, mwaka 1907. Walipomaliza kazi ya Uhehe walikwenda Usambara wakafungua shamba, ambalo mpaka leo linaitwa Sakarani na liko mikononi mwa watawa Wabenediktini. Tom aliuawa vitani Tanga, Novemba 1914, akipigana na jeshi la nchi ya baba yake.

Huyo ndiye mwanzilishi wa mji. Desemba 1896 alimweka Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa mtawala wa Wahehe. Miezi miwili haikwisha akamnyonga, kwa tuhuma kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri. Shuka kidogo kutoka katikati ya mji na utafika mtaa unaoitwa Kitanzini. Wazee watakwambia jina hilo halikutokana na utani. Leo pana maduka, mafundi cherehani, muziki wa Bongo Fleva na bajaji zinazogombania abiria. Wapita njia wengi hawalifikirii, na sidhani kama ni kosa lao. Mji hauwezi kuishi kila siku ukilia.

Karibu na soko, mbele ya kituo cha polisi, upo mnara wa Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907. Wageni huudhani ni wa mashujaa wa Uhehe. Ukweli ni mchungu zaidi. Uhehe, iliyokuwa imechoka kwa vita ya miaka saba, kwa sehemu kubwa haikuingia Majimaji. Kutoka boma la Iringa ndiko Kapteni Ernst Nigmann alikotoka na kikosi chake, wakiwamo wapiganaji Wahehe, kwenda kuliokoa boma la Mahenge lililozingirwa. Nigmann huyo huyo mwaka 1908 alichapisha kitabu juu ya Wahehe, na watafiti wa mila za Uhehe bado wanakitumia. Ndivyo ukoloni ulivyokuwa: mkono mmoja bunduki, mwingine daftari.

Makaburi ya Vita ya Kwanza ya Dunia nayo yamo mjini. Agosti 1916 Waingereza walikuja kutoka kusini wakauchukua mji bila vita kubwa, lakini miezi iliyofuata ilikuwa ya damu na malaria. Ndani ya uzio mmoja wamelala Waingereza na Wajerumani waliokuja kuuana katika nchi ambayo si ya yeyote kati yao. Mawe yamepangwa kwa mstari, nyasi zimekatwa, majina yanasomeka. Simama usome machache. Kisha jiulize wapagazi walizikwa wapi. Katika vita ile wabeba mizigo Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, Afrika Mashariki nzima, na aliyeandikiwa jina juu ya jiwe ni wa kutafuta kwa tochi.

Mchana nilikula wali maharage na kachumbari ya nyanya nyuma ya soko. Anayelisha Iringa kwa nyanya ni Ilula, na asiyejua utamu wa nyanya ambayo haikusafiri siku tatu ndani ya tenga aje ajionee.

Wajerumani walioondolewa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia walirudi. Sehemu hii husahauliwa sana. Kuanzia 1925 Mwingereza aliwaruhusu tena kuingia Tanganyika, na nyanda za juu kusini, kwa baridi yake inayofanana na ya kwao, zikawavutia. Wakafungua mashamba Iringa, Dabaga na Mufindi: tumbaku, kahawa, na chai iliyokubali vizuri mvua na ukungu wa Mufindi. Hawa ndio wahamiaji wa kweli, waliokuja na wake na watoto, wakiamini kwamba watazikwa hapa. Walikaa chini ya miaka 15. Septemba 1939, vita nyingine ilipotangazwa, wanaume walikamatwa, mashamba yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, na chai ya Mufindi ikaingia mikononi mwa kampuni ya Waingereza. Chai ile ungali unaikuta dukani, ingawa hakuna anayeinywa akimkumbuka Mjerumani.

Na miaka michache baadaye, kana kwamba historia ilitaka kukamilisha duara, nyanda hizi zikapokea Wazungu wa aina nyingine. Wakimbizi wa Kipolandi, wengi wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti mpaka Siberia baada ya nchi yao kugawanywa na Ujerumani na Urusi, walipitia Iran wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi moja ilikuwa Ifunda, kwenye barabara hii hii ya Mbeya. Baada yao pale pakafunguliwa shule ya ufundi, mwaka 1951, na mafundi wengi wa Tanzania walisoma Ifunda bila kujua nani alilala kwenye eneo hilo kabla yao.

Kilichodumu kuliko mashamba ni kanisa. Wabenediktini Wajerumani walianzisha misheni ya Tosamaganga mwishoni mwa miaka ya 1890, ikachukuliwa baadaye na Wakonsolata kutoka Italia. Walutheri wa Misheni ya Berlin walieneza vituo vyao kuanzia Kidugala na Lupembe hadi Pomerini, milimani Kilolo. Jina la Pomerini ni la Pommern, jimbo la pwani ya Baltiki ambalo leo sehemu yake kubwa iko Poland. Mjerumani akilitafuta jimbo lile kwenye ramani ya nchi yake anakuta kipande tu. Akija Kilolo analikuta lote, lina shule ya sekondari na mashamba ya mahindi na miti ya mbao. Wamisionari walipoondolewa wakati wa vita, Waswidi na Wamarekani walisaidia kushika kazi, lakini waliobeba makanisa yale mabegani ni wainjilisti wenyeji, na tangu 1963 ni sehemu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Tarumbeta zinazopigwa Jumapili zililetwa na Wajerumani. Midundo si yao tena.

Miji mingine duniani huuza Ujerumani wake. Blumenau ya Brazil, iliyoanzishwa na wahamiaji mwaka 1850, ina sikukuu ya bia kila Oktoba. Swakopmund ya Namibia ina keki na majengo ya rangi. Nimewahi kusikia watu wa utalii wakisema Iringa nayo ifanye hivyo: hoteli ya mtindo wa Kijerumani, ziara ya majengo ya kale, soseji. Nasema hapana. Pale Blumenau wahamiaji walikaa vizazi. Hapa walikuja kwa mizinga, wakanyonga, wakajenga, wakafukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena, yote ndani ya nusu karne. Kuuza bia bila kutaja Kitanzini ni kumlipisha mgeni kiingilio cha kudanganywa.

Iringa ina kitu bora cha kuonyesha, kikipangwa vizuri: ziara ya siku moja inayoanzia Kalenga, ikapita Boma na Kitanzini na makaburi, kisha ikateremka Ipogolo na kumalizia Lugalo, ambako mnara waliousimamisha Wajerumani kuwakumbuka Zelewski na wenzake bado upo. Jina Lugalo tumelipa kambi ya jeshi na hospitali ya jeshi Dar es Salaam, na vijana wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya hospitali, hawajui vita.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa Majimaji. Berlin, watafiti waliochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani wamekuta kama 200 ni ya watu wa Tanzania. Fuvu la Kalenga lilirudi 1954. Hayo mengine yangali Ujerumani. Serikali yetu iyadai kwa majina ya koo pale yanapojulikana, na kwa jina la nchi pale yasipojulikana. Halmashauri nayo isisubiri Berlin: iweke Lugalo orodha ya Wahehe waliokufa siku ile, kwa kadiri koo zinavyowakumbuka, kabla wazee wanaokumbuka hawajaisha.